Ulichomwa sindano ya mgongo? Mwambie anayekupiga picha

Miaka ya karibuni mashine za CT-Scan zimefika hadi hospitali za rufaa za mikoa. Ni hatua kubwa. Lakini picha zinapoongezeka, wagonjwa wajue pia kwamba si kila kinachoonekana kwenye picha ni ugonjwa.

Hilo hutokea kwa aliyechomwa sindano ya epidurali, iwe ya maumivu ya kiuno au ya uchungu wa kuzaa. Dawa huwekwa kwenye nafasi finyu iliyo nje ya utando unaozunguka uti wa mgongo. Ili kujua kama sindano imefika, daktari husukuma hewa kidogo au maji ya chumvi. Ukinzani ukiisha ghafla, amefika.

Ikitumika hewa, mapovu huweza kubaki mle ndani. Kwenye MRI povu huonekana jeusi, na linaweza kudhaniwa ni kipande cha diski kilichochomoka kinachobana mshipa wa fahamu. Mtaalamu asiyejua habari ya sindano anaweza kuandika ripoti ya kutisha, na mgonjwa akaanza kufikiria upasuaji asiouhitaji. CT-Scan hutofautisha vizuri zaidi, kwa kuwa hewa huwa nyeusi kabisa kuliko diski. Mara nyingi mwili huifyonza hewa hiyo ndani ya siku chache.

Kwa hiyo, kabla ya kupigwa picha, sema ulichomwa sindano lini na sehemu gani ya mgongo. Nenda na picha zako za zamani. Kama hali si ya dharura, muulize daktari iwapo kipimo kinaweza kusubiri. Ripoti ikikushtua, omba isomwe upya sambamba na dalili zako.

Hata hivyo, usijifariji kwamba "ni hewa tu" ukiona dalili hizi baada ya sindano: homa, maumivu ya mgongo yanayozidi, miguu kulegea, ganzi isiyoisha au inayorudi, ganzi sehemu za siri, kushindwa kukojoa au kutoweza kuzuia haja. Huenda ni usaha au damu inayokandamiza mishipa ya fahamu. Wahi hospitali siku hiyohiyo. Hapo kipimo hakisubiri, kwani kuchelewa kunaweza kuleta ulemavu wa kudumu.