Mwalimu, 'shoti' ya mbio si Kiingereza

MUHULA uliopita mwanafunzi wangu mmoja hapa Tororo aliniletea daftari lake la insha akiwa amenuna. Alikuwa ameandika kisa cha mgonjwa aliyekimbizwa hospitalini usiku kwa pikipiki. Sentensi yake moja ilisema kwamba mwenye bodaboda alikwenda shoti hadi Malaba. Mwalimu mwenzangu aliyesahihisha insha hiyo alilizungushia neno 'shoti' wino mwekundu, akaandika kando: "Kiingereza. Tumia haraka." Alama mbili zikaenda na maji.

Nilimuuliza msichana huyo alikolitoa neno lenyewe. Akanijibu kwamba mjomba wake ni utingo wa malori yanayotoka Mombasa, na ndivyo anavyozungumza akisimulia safari zake.

Nami nasema mjomba alikuwa sahihi. Iliyokosea ni kalamu nyekundu.

Ni kweli kwamba hapa mpakani, kuanzia Busia hadi Malaba, shoti tunayoisikia kila siku ni nyingine. Nyaya zikigusana na nyumba ikaungua, twasema ni shoti ya umeme. Mwenye duka akihesabu mauzo jioni na kukuta pesa zimepungua, humwambia muuzaji kuwa ana shoti. Hizo mbili zilitoka kwa Waingereza, sibishi. Lakini shoti ya mbio ni neno jingine kabisa, lililofanana na hizo kwa sura tu. Waarabu wana neno 'shaut', yaani mkondo mmoja wa mbio, na ndilo mahujaji wanalohesabia mizunguko saba ya Kaaba. Watu wa pwani walilichukua wakalifanya shoti, mwendo wa farasi anapoachiliwa akimbie kwa nguvu zake zote.

Wala shoti haiko peke yake. Kuna matiti, mwendo wa farasi au punda anayekimbia mbio za wastani huku akidundadunda. Kuna telki, mwendo wa punda anayekwenda upesi kwa hatua fupifupi. Sikuyajua haya kwa kukariri. Mwaka 1986, nikiwa na umri wa miaka sita, wazazi wangu walivuka mpaka nami, na masomo yangu niliyapatia uhamishoni Kenya, mengi yakiwa Lamu. Katika mji ule ambao vichochoro vyake havipitishi gari, punda ndiye lori na ndiye teksi. Mzee akipaza sauti kwamba punda wake yuko telki, sisi watoto tuliruka ukutani bila kuuliza maana yake.

Niliporudi Uganda nilikuta Kiswahili kikitazamwa kwa jicho baya. Kwa wengi ilikuwa lugha ya askari wa enzi za Idi Amin, lugha ya kuamrishwa na kuporwa. Mambo yamebadilika. Mnamo Julai 2022 Baraza la Mawaziri lilipitisha kwamba Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na za sekondari. Uamuzi huo ni mzuri. Lakini ikiwa mtoto ataleta darasani neno safi alilolisikia kwa mjomba wake na sisi tumpige faini, tutakuwa tunamfundisha kwamba Kiswahili cha watu ni kosa na cha mwalimu tu ndicho halali. Mtoto wa namna hiyo hunyamaza.

Mwenzangu alinipa hoja ya pili, na haikuwa ya kijinga. Alisema hata kama shoti ni Kiswahili, ni ya farasi, na pikipiki si farasi. Nilimuuliza swali moja tu: hatamu ni nini? Hatamu ni kamba anayoongozwa nayo farasi. Hata hivyo, kila uchaguzi ukiisha magazeti huandika kwamba rais mpya ameshika hatamu za uongozi, na hakuna msomaji anayeuliza farasi yuko wapi. Vilevile twapanda baiskeli kwa kitenzi kilekile tunachompandia punda. Kama hatamu imeruhusiwa kuingia ikulu, shoti imekatazwa na nani kupanda pikipiki?

Isitoshe, sisi wa mpakani ndio wa mwisho wanaostahili kukataa neno lililohama. Bodaboda ni zao la huku kwetu. Katika miaka ya 1960 na 1970, kati ya kituo cha Kenya na kile cha Uganda pale Busia palikuwa na mwendo mrefu usio na gari la abiria. Vijana wenye baiskeli wakawa wanabeba watu na mizigo wakiita "boda, boda", yaani kutoka mpaka hadi mpaka. Leo neno hilo liko Nairobi, Kampala na Dar es Salaam, linabeba watu ambao hawajawahi kuuona mpaka wowote. Kituo cha pamoja cha Busia kilizinduliwa rasmi mwaka 2018, lakini jina limeendelea na safari yake.

Basi nawashauri walimu wenzangu wa pande zote mbili. Msiyafundishe maneno haya kama orodha ya msamiati wa kukariri. Mtamke 'matiti' mbele ya darasa la saba bila maelezo na hamtasikia kitu ila kicheko. Wapelekeni watoto kando ya barabara. Pikipiki inayorukaruka juu ya mashimo inakwenda matiti. Mama mwenye kapu kichwani anayewahi soko anakwenda telki. Na kijana anayepita malori ya Malaba kwa kasi ya kutisha, huyo yuko shoti, na mwambieni mtoto kwamba asikubali kubebwa naye. Hawatasahau.

Na kabla ya kuandika 'Kiingereza' kando ya neno la mtoto, tufungue kamusi. Mwenzangu aliifungua, akaguna, akarudisha alama moja. Ya pili alisema ni ya koma.