Likasi: Kukata feza ya kutuma ni sekunde moja, kujibu mama ni majuma matatu

Kule Kikula, hapa Likasi, kuko mama mmoja muuza unga ambaye tangu majuma matatu anatembea na mesaje moja ndani ya simu yake. Anaionyesha kwa kila mutu mwenye kujua kusoma. Mesaje inasema kama franga 150 000 zimetumwa vizuri. Ni kweli, zilitumwa vizuri, lakini kwa mutu ambaye hamujui. Makuta ile ilikuwa ya kulipa nyumba ya mwana wake anayesoma chuo kikuu kule Lubumbashi. Mama alikosea namba moja tu: pahali pa 6 alifinya 9.

Dakika ile ile alikimbia kwa kijana wa kabini.

“Mwanangu, rudisha makuta ile haraka, huyu si mwana wangu.”

“Mama, pole sana. Mimi hapa sina nguvu ya kurudisha. Wapigie servisi ya wateja.”

Akapiga. Mashine ikamujibu kwa Kifaransa: finya 1, finya 2. Kisha muziki. Muziki ule ulipigwa mpaka batri ya simu ikaisha. Kesho yake akapata mutu wa kweli, naye akamwambia angojee saa 72. Kisha saa 72, mutu mwingine akamuomba aeleze habari yote tena tangu mwanzo, kama vile hakuna aliyeandika kitu. Mwisho wakamwambia: yule aliyepokea amekwisha kutosha makuta, kampuni haiwezi kitu tena.

Hapo ndipo maneno iko. Siku ya kwanza, kisha dakika mbili, makuta ilikuwa ingali ndani ya simu ya yule mutu. Mama alipiga mapema. Waliochelewa ni wao.

Makampuni yanajitetea kwa neno moja: kosa ni la mteja. Ndiyo, mama alikosea, na yeye mwenyewe halikatai. Lakini kazi gani duniani inafanywa na watu wasiokosea? Mutu anayetuma makuta sokoni, jua kichwani, mwana mgongoni, wateja wanamuita, ataweza kukosea. Kampuni inayochukua feza kwa kila kutuma inajua hivyo tangu siku ya kwanza. Kule Kenya, pahali M-Pesa ilianzia mwaka wa 2007, jina la mwenye kupokea linatokea kwanza, na mutu anapewa sekunde kidogo za kusimamisha kama jina si lile. Basi njia za kusaidia mwenye kukosea zinajulikana.

Neno lao la pili ni hili: hatuwezi kunyanganya mutu makuta bila yeye kukubali. Hilo ni neno la haki, na hakuna anayewaomba wanyanganye. Kufunga makuta kwa muda si kunyanganya. Makuta inalala pale pale, hakuna anayeitosha, mpaka pande zote mbili zisikilizwe. Kama aliyepokea anaonyesha kama ni yake, inafunguliwa. Kama hawezi, inarudi kwa mwenyewe. Tena kila namba inapaswa kuandikishwa na kitambulisho. Kampuni inaweza kujua nani amepokea. Mama ndiye hajui.

Na wasiseme kama mashine hazina nguvu ya kugusa simu ya mutu upesi. Wakaaji wa Likasi hawajasahau RAM. Tangu mwezi wa 9 mwaka wa 2020, unite zilikuwa zinakatwa ndani ya simu za watu, usiku na mchana, bila kuuliza mutu. Siku ile hakuna aliyesikia muziki, hakuna aliyengojea saa 72. Kwa kukata, mashine zilikuwa na mikono. Kwa kurudisha, zimekuwa vilema.

Zamani, mbele ya M-Pesa kuingia Congo mwaka wa 2012, mutu wa Likasi aliyetaka kutuma makuta Lubumbashi aliipa dereva. Ni kilometa karibu 120. Kulikuwa na hatari, watu waliibiwa. Lakini dereva alikuwa na sura, na parking ambapo unamukuta asubuhi. Leo kuko M-Pesa, kuko Airtel Money, kuko Orange Money, na hakuna anayetaka kurudi nyuma. Kutuma kwa simu kumesaidia wengi, kuanzia Shituru mpaka Panda. Lakini mutu hawezi kushika kola ya muziki. Akienda ku biro hapa mujini, anaambiwa neno linakatwa Kinshasa.

Anayebaki na sura ni kijana wa kabini peke yake. Ndiye anatukanwa, ndiye anaitwa mwizi mbele ya watu, na faida yake kwa kila kutuma ni kidogo sana. Kampuni imejificha nyuma ya mwavuli wake.

Kuko hatari nyingine ambayo servisi hii mbaya inazaa. Wezi wa simu wamejifunza pahali penye shimo. Mwizi ndiye anapigia mama simu yeye mwenyewe. Anamwita mama kwa heshima, anasema kwa Swahili safi, anasema anatoka kwa servisi ya wateja na anataka kusaidia, kisha anaomba namba ya siri. Watu wanashangaa namna gani mama anaamini. Anaamini kwa sababu ni mara ya kwanza mutu wa “kampuni” anamusikiliza. Kama servisi ya kweli ingekuwa inajibu, ile ya uongo ingekosa wateja.

Wakaaji hawaombi zawadi. Wanaomba vitu vine. Kwanza, mutu akilalamika kama amekosea namba, makuta ifungwe saa ile ile, maulizo yafuate nyuma. Pili, kila malalamiko yapewe namba na mesaje, ili mutu asianze habari upya kila siku. Tatu, ndani ya biro ya Likasi awe mutu mwenye nguvu ya kukata neno, na ajibu kwa Swahili. Katiba ya 2006, kwenye article ya 1, inahesabu Swahili kati ya luga nne za taifa. Si luga ya kuombea ruhusa. Nne, Benki Kuu ya Congo, ambayo ndiyo inatoa ruhusa kwa kazi ya makuta ya simu, iwapime kwa siku wanazochukua kujibu, na anayechelewa alipe.

Viongozi wa muji na wabunge waliochaguliwa hapa wasiseme maneno hii iko mbali nao. RAM ilikuwa pia mbali, na watu walilalamika kila mahali, mpaka mwanzoni mwa 2022 ikaondolewa. Waliolalamika peke yao walinyamazishwa. Waliolalamika pamoja walisikiwa.

Basi kila mutu aliyekosea namba asifute mesaje. Aandike siku, saa, na jina la mutu aliyemujibu. Asimupe mutu namba ya siri, hata akimwita mama mara kumi. Na aende ku biro, asiende peke yake.

Mama wa Kikula, yeye, anaendelea kuuza unga. Mwenye nyumba wa Lubumbashi amekubali kungojea mpaka mwisho wa mwezi. Kwake yeye ukichelewa kulipa, unatoka. Kampuni ya simu, ikichelewa, inapiga muziki.