Wezi wa Monicelli Hawakuwa Wajinga

Mtaje Mario Monicelli mbele ya wapenzi wa filamu za zamani, na kabla hujamaliza jina la filamu yake ya 1958, I soliti ignoti, mtu atakuwa ameshacheka: "Aa, wale wajinga waliotoboa ukuta wakatokea jikoni!" Hapo mazungumzo huwa yamekwisha. Anayeitazama kwa mara ya kwanza huketi akiwa ameshaambiwa acheke nini. Kuna kundi la mabwege wa Roma linalotaka kuvunja sefu ya nyumba ya rehani, na kwa kuwa ni mabwege, linaambulia sufuria ya tambi na dengu.

Hukumu hiyo naipinga yote. Sisemi kwamba filamu haichekeshi, maana inachekesha hadi mbavu ziume. Ninachosema ni kwamba watazamaji wamemkamata mtuhumiwa asiye sahihi. Genge lile liliangushwa na ufukara, na ukiitazama filamu kwa utulivu utaona jinsi Monicelli na waandishi wenzake, Age, Scarpelli na Suso Cecchi D'Amico, walivyohangaika kutuonyesha hilo karibu kila hatua.

Tazama jinsi mpango unavyopatikana. Cosimo, mwizi mzoefu aliyenaswa akiiba gari, anaujua akiwa gerezani: nyumba ya rehani imepakana na nyumba ya kuishi, na ukuta wa katikati ni mwembamba. Peppe, bondia ambaye ngumi hazijamlipa, naye yumo gerezani, kwa sababu alikubali kulipwa ili akiri kosa la Cosimo na hakimu hakumwamini. Anajifanya amehukumiwa miaka mitatu. Anatia huruma, anasikiliza siri yote hadi mwisho, kisha anaaga: kumbe amepewa kifungo cha nje. Mtu aliyemzidi ujanja mwizi mzee kwa machozi ya bandia, ndani ya ua wa gereza, mnamwita mjinga?

Na akitoka hakurupuki. Kundi linachunguza jengo. Linampiga picha za sinema meneja akifungua sefu, ili namba zijulikane. Linamtafuta mtaalamu, Dante Cruciani, aliyeigizwa na Totò wakati macho yake yalikuwa karibu yamezima kabisa. Dante yuko chini ya uangalizi wa polisi, kwa hiyo haendi kwenye tukio. Anafundisha juu ya paa, katikati ya nguo zilizoanikwa, anapokea chake, basi. Maofisini tungemwita mshauri mwelekezi, na kama ilivyo desturi ya washauri waelekezi, ndiye peke yake aliyepata faida kwenye mradi mzima. Halafu inagunduliwa kwamba nyumba ya jirani inakaliwa na vikongwe wawili pamoja na msichana wao wa kazi, Nicoletta. Peppe anatumwa amsogelee msichana huyo ili wapate kujua ratiba ya nyumba.

Zisome hatua hizo bila kuangalia nguo walizovaa. Utafiti, picha za sefu, mtaalamu wa nje, mtu wa ndani. Hiyo ndiyo Ocean's Eleven ya Steven Soderbergh ya mwaka 2001, ambayo hakuna mtazamaji anayesema imejaa wajinga. Watu hutoka wakisema Danny Ocean ni kichwa. Danny Ocean anacho kitu ambacho Peppe hana: Reuben Tishkoff, tajiri wa kulipia gharama. Kwa pesa hizo genge la Las Vegas linajenga nakala nzima ya chumba cha hazina ili lifanye mazoezi. Peppe na wenzake hawana hata kamera.

Hapa ndipo panapouma. Tiberio, anayeigizwa na Marcello Mastroianni, ni mpiga picha asiye na kamera. Mke wake yuko gerezani kwa sigara za magendo, naye amebaki na mtoto mchanga anayelia mchana na usiku. Inabidi aende soko la Porta Portese na plasta ya uongo mkononi, akaibe kamera ili kazi ya kuiba ianze. Anaipata, na kwa kweli anaipata kwa ufundi. Lakini kanda inapoonyeshwa, wakati ule ule wa kuona namba za sefu, nguo za watu zilizoanikwa zinapita mbele ya lenzi. Watazamaji huangua kicheko wakisema: tazama mpumbavu, ameshindwa hata kupiga picha! Ni mpiga picha hodari aliyepiga kwa mbali, kwa kujificha, kwenye mtaa ambao watu hawana pa kuanikia nguo isipokuwa madirishani na mapaani. Mpe Tiberio chumba cha hoteli upande wa pili na lenzi ndefu uone.

Usiku wa kazi anakuja na plasta nyingine, safari hii mkono umevunjika kweli, na mtoto imebidi apelekwe kwa mama yake gerezani akalale huko. Nani kati yetu amewahi kuona filamu ya wizi ambamo jambazi anatafuta kwanza pa kumwacha mtoto? Mashujaa wa filamu hizo hawana watoto. Hawana mama wala kodi ya nyumba. Ndiyo maana mikono yao haitetemeki.

Wengine wanakubali haya, kisha wanakimbilia hoja nyingine: kwamba filamu ni mzaha juu ya Rififi, ile ya Jules Dassin ya 1955, yenye wizi wa karibu nusu saa usio na neno wala muziki, na mzaha, wanasema, unahitaji wajinga mahali pa mafundi. Nusu ya kwanza ni kweli. Monicelli aliilenga Rififi, na aliilenga katikati ya paji la uso. Lakini anayechekwa ni nani? Rififi ilituuzia ndoto kwamba wizi ni kazi ya mikono iliyotulia na watu wasiosema. Monicelli anauliza watu hao wametolewa wapi, maana mitaa anayoijua yeye imejaa watu wenye njaa, na mwenye njaa hunong'ona, hubishana, hukohoa na kufungua kabati kuona kuna nini.

Hoja yangu kubwa iko kwa D'Amico. Miaka 10 kabla ya filamu hii, mwanamke huyu alikuwa miongoni mwa waandishi wa Ladri di biciclette ya Vittorio De Sica. Humo Antonio Ricci, baba asiye na kazi, anaibiwa baiskeli ambayo bila hiyo hana ajira. Anaisaka jiji zima na mtoto wake, Porta Portese ikiwemo, na mwishowe anaamua kuiba ya mtu. Anaiba mchana kweupe, mbele ya umati, na anakamatwa kabla hajafika mbali. Kama tunapima wizi kwa ufundi, ule ndio wizi wa kijinga kuliko wote uliowahi kuwekwa kwenye filamu. Sijasikia mtu akimwita Antonio mjinga. Watu wanalia. Peppe na wenzake wanaishi Roma ile ile, wanatembea kwenye soko lile lile, wana shida ile ile na mwandishi yule yule, ila wanashindwa huku tukicheka. Kicheko peke yake kimetosha kuwavua akili.

Kuna zaidi. Mwanzoni mwa filamu ya De Sica, mke wa Antonio anavua mashuka kitandani na kuyapeleka rehani ili baiskeli ikombolewe. Kamera inatuonyesha mfanyakazi akipanda kwenye rafu zilizofika karibu na dari, zimejaa mafurushi ya mashuka ya watu wengine. Sasa rudi kwa Monicelli uone sefu wanayoitaka ni ya nani. Si ya benki ya matajiri wala ya sonara kama kule kwenye Rififi. Ni ya nyumba ya rehani. Siamini kwamba mwandishi aliyeshiriki filamu zote mbili aliichagua nyumba hiyo kwa bahati.

Ndiyo maana tukio bora kuliko yote, kwa macho yangu, si lile la jikoni ambalo kila mtu hulikumbuka. Cosimo ametoka gerezani, amekuta mpango wake umechukuliwa, na kwa hasira anaamua kwenda peke yake. Anaingia nyumba ya rehani, anasimama dirishani, anatoa bastola. Mfanyakazi anaipokea, anaigeuza, anaikagua na kuanza kuithaminisha. Amezoea watu wanaoleta vitu vyao vya mwisho, na haimjii akilini kwamba mtu mwenye sura ile anaweza kuja kuchukua. Cosimo anaondoka kimya. Muda si mrefu anajaribu kukwapua mkoba wa mwanamke barabarani, anakimbia, anagongwa na tramu, anakufa. Mitaani kwetu kuna imani kwamba stelingi hauawi. Huyu aliyeuleta mpango wote anauawa katikati ya komedi, na filamu inaendelea baada ya mazishi. Mtengenezaji wa filamu za wajinga asingethubutu. Mjinga wa komedi huanguka, hujipangusa vumbi na kuinuka.

Lawama nyingine naiweka kwa masikio yetu. Peppe ana kigugumizi. Vittorio Gassman, kabla ya hapo, watu walimjua kama mwigizaji wa tamthilia nzito, mwenye sura ya kuringia. Monicelli akambandika pua, akamshushia nywele kwenye paji la uso, akamfanya akwame kwenye maneno. Mtazamaji anasikia kigugumizi na anaandika "mpumbavu" kichwani mwake. Wengine kundini wanatoka pembe za Italia ambazo Warumi walizidharau, kama Ferribotte, Msisili anayemfungia dada yake Carmelina ndani kwa kulinda heshima. Dada huyo ni Claudia Cardinale, aliyekuwa ametoka Tunisia. Lafudhi za kishamba, nguo zilizochakaa, meno machache ya mzee Capannelle: hizo ni dalili za umaskini tunazozisoma kama dalili za akili ndogo. Tumezoea hivyo hata nje ya sinema. Sisi wenyewe tuna ile kauli kwamba mtaji wa maskini ni nguvu zake mwenyewe, na sijawahi kuisikia kutoka kwa mtu ambaye nguvu zake ndizo mtaji wake.

Haya, ukuta. Lazima niuzungumzie, maana huo ndio ushahidi mkuu wa upande wa pili. Usiku umefika, wamepita tundu la kumiminia makaa, wamevuka paa la vioo wakiwa wamelala kifudifudi, wamefika ndani. Ukuta unapasuliwa. Bomba la maji linatoboka. Wanaendelea. Tofali la mwisho linaanguka na mbele yao kuna jiko la nyumba ile ile. Samani zilikuwa zimehamishwa. Chumba walichokitegemea hakikuwa tena pale. Msichana ambaye angewaambia alikuwa ameshaacha kazi. Hawakuwa na ramani ya jengo na hawakuwa na mtu wa kumlipa aitoe. Walifanya wanachofanya watu wote wasio na hati mkononi: waliamini maneno waliyoambiwa.

Baada ya hapo wanakula. Wanapasha chakula, wanaketi mezani, wanajadili upishi, na Peppe na Tiberio wanaongea kuhusu wanawake kama watu waliotoka kazini. Wanaosema ni tukio la kipumbavu hawajala saa kumi za usiku baada ya kushinda wakivunja ukuta. Ila Capannelle, aliyelipua jiko kwa gesi, simtetei. Kila kundi lina mtu kama Capannelle.

Marekani imeirudia hadithi hii waziwazi mara mbili, kwa Crackers ya Louis Malle mwaka 1984 na Welcome to Collinwood mwaka 2002, na mara zote mbili mapato yalikuwa mabaya. Waliubeba ukuta wakidhani ndio filamu.

Kuna kundi la mwisho la watazamaji, na hao ndio wananichosha kuliko wote: wale wanaosema kwamba hatimaye filamu inafundisha, kwa kuwa Peppe anaishia kupata kazi halali. Asubuhi imefika, wengine wametawanyika, Peppe na Capannelle wanawaona polisi na kujichanganya na umati wa vibarua wanaosubiri kwenye lango la mjengo. Lango linafunguliwa. Watu wanasukumana, kwa sababu wanaohitaji kazi ni wengi kuliko kazi. Mzee anasukumiwa nje, Peppe anasukumiwa ndani, na mzee anabaki akimwonya kwa hofu ya kweli kwamba huko atafanyishwa kazi. Wakati huo katiba ya Italia ilikuwa na miaka 10, na ibara yake ya kwanza inasema jamhuri hiyo imejengwa juu ya kazi. Peppe hajatubu wala hajachagua chochote. Amebebwa na mabega ya watu waliokuwa wakigombea kibarua cha siku moja, na ajira hiyo, yenye nyapara na jasho, ameipata akiwa anakimbia polisi.