MKWECHE WETU: BREKI KWANZA, RANGI BAADAYE

Wahenga walinena kuwa usiache mbachao kwa msala upitao. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi, lakini naona wengi wetu huitia kwenye insha ili tupate alama tu, kisha tukitoka darasani tunaisahau. Leo nataka kuitumia kwa jambo lililonichoma moyo muhula uliopita.

Msomaji mpendwa, bila shaka umeiona ile Land Rover ya kijani ipitayo mbele ya lango la shule kila asubuhi, ikinguruma kama mashine ya kusaga mahindi. Gari hilo ni la mjomba wangu. Wengine mwaliita kinu, wengine mwaliita makumbusho. Majina hayo hayanikeri hata kidogo. Kilichonikera ni maneno yaliyoanza pale tulipoacha kuwabeba wanafunzi nyuma. Eti tumeanza maringo. Eti gari limepakwa rangi mpya, sasa hatujui mtu. Basi nimeamua kujibu kwa kalamu, kwa sababu penye kelele mdomo hausikiki. Maoni yangu ni mawili: gari kuukuu si takataka, na gari kuukuu lisilo na breki si gari.

Nianze na lile la kwanza. Gari hili lilitengenezwa mwaka wa 1974. Ni la aina iitwayo Series III, iliyoundwa kuanzia mwaka wa 1971 hadi 1985. Land Rover ya kwanza kabisa ilionyeshwa kwa umma mjini Amsterdam mwaka wa 1948. Wakati huo Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma cha pua na cha kawaida kilikuwa haba, kwa hivyo mabati ya mwili wa gari yakatengenezwa kwa aloi ya alumini. Ndiyo maana hadi leo mwili wa gari letu haujaliwa na kutu. Fremu ya chini ni ya chuma, na hiyo kutu huitafuna polepole kama mchwa atafunavyo boriti. Baadaye nyingi za Land Rover zilizotumika humu nchini ziliunganishwa papa hapa Kenya, mjini Thika. Kwa hivyo ukilicheka gari hili, kumbuka kuwa huenda mikono iliyolifunga nati ilikuwa ya Wakenya wenzako.

Babu alipofariki, gari lilikaa chini ya mparachichi miaka tisa. Kuku walitaga kwenye kiti cha dereva. Wanunuzi wa vyuma vikuukuu walikuja mara tatu na mizani yao, wakataka kulinunua kwa kilo kama skrepu. Mara ya tatu mama alikuwa karibu kukubali, maana karo ilikuwa inadaiwa. Mjomba akasema, "Dada, nipe likizo moja tu."

Likizo hiyo sitaisahau. Mimi kazi yangu ilikuwa kushika taa, kupitisha spana na kuosha vipuri kwa mafuta ya taa. Tulifungua kabureta tukakuta kiota cha nyigu. Tulisugua platini kwa msasa, tukabadilisha plagi zote nne, tukatoa maji meusi kwenye radieta. Jambo lililonishangaza ni kwamba karibu kila kitu kwenye gari hili hufunguka kwa spana. Hakuna kompyuta. Fundi wa jua kali akikosa kipuri, hukitazama, hukuna kichwa, kisha hukichonga. Siku ya kumi na saba mjomba aliingiza hendeli mbele, akazungusha mara moja, mara mbili, mara ya tatu injini ikakohoa na kuwaka. Mama alitoka jikoni mbio na mwiko mkononi. Kuku nao walihama siku hiyo hiyo.

Tangu hapo gari limefanya kazi kila siku isipokuwa Jumapili. Kabichi na ndizi za majirani hushuka nalo hadi Mwatate. Mvua zinaponyesha na njia zetu za huku milimani Taita zikageuka uji, matatu hazipandi, pikipiki huteleza, lakini mkweche hupanda. Una mikono miwili ya ziada kando ya gia. Ule wenye kichwa cha manjano ukiubonyeza, magurudumu yote manne huvuta. Ule wenye kichwa chekundu ukiuvuta nyuma, gari huenda taratibu kama kobe lakini kwa nguvu za ndovu. Mama jirani aliposhikwa na uchungu usiku wa manane mwezi wa Aprili, hakuna aliyeuliza gari ni la mwaka gani. Mtoto yule yu hai, na jina la utani aliloitwa mnalijua.

Sasa nije kwa lile la pili, na hapa sina budi kuungama.

Baada ya mavuno ya kabichi mjomba alipata pesa kidogo za kulitengeneza gari. Pedali ya breki ilikuwa imeanza kuwa laini. Ilibidi uikanyage mara mbili ndipo ishike. Yeye alitaka kununua vipuri vya breki. Mimi nilitaka rangi. Ukweli ni kwamba nilichoka kuchekwa langoni. Nilimbembeleza wiki nzima: "Mjomba, breki si zinashika? Kanyaga mara mbili tu." Mwishowe alikubali shingo upande. Gari likapakwa kijani kibichi, likang'aa, nami nikatembea kifua mbele.

Wiki tatu baadaye tulikuwa tukiteremka asubuhi. Nyuma kulikuwa na magunia ya sukuma wiki, kreti za nyanya, mdogo wangu, na mimi. Siku hiyo kwa bahati hatukuwa tumefika mahali tunapowachukua wanafunzi wengine. Kabla ya kona ya pili mjomba alikanyaga breki, pedali ikaenda hadi chini. Akakanyaga tena, hakuna kitu. Alirudisha gia, injini ikalia, lakini mteremko ulikuwa mkali. Akavuta breki ya mkono kwa nguvu zake zote. Katika gari hili breki hiyo haishiki magurudumu yenyewe, bali hushika propela ya nyuma, nayo si ya kusimamisha gari lililo mwendoni. Tulisikia mlio kama wa mti kuvunjika. Kumbe ni hafushafti imekatika. Hapo hata hiyo breki ya mkono ikawa haina kazi. Mjomba akalipeleka gari kwenye ukingo wa juu, likakwaruza udongo na mawe mwendo wa hatua thelathini hivi, likasimama.

Upande wa pili wa barabara ile ni korongo.

Mdogo wangu aling'oka jino la mbele. Nyanya zilisagika zote. Rangi yangu mpya ya kijani ilibanduka ubavu mzima, na hadi leo mkitazama vizuri mtaona mkwaruzo huo. Mjomba amekataa kuufunika. Hakunikemea. Alikaa juu ya jiwe akitetemeka mikono, akasema tu, "Tumshukuru Mungu." Haki ya nani, heri angenichapa.

Fundi aliyekuja alituonyesha kosa. Mpira wa silinda moja ya gurudumu la nyuma ulikuwa umekwisha, mafuta ya breki yamevuja yote. Katika Land Rover nyingi za zamani kama letu, mfumo wa breki ni mmoja kwa magurudumu yote manne. Pakivuja mahali pamoja, umekosa kote. Wanafunzi wa fizikia, kumbukeni kanuni ya Pascal tuliyosoma kidato cha kwanza: shinikizo katika kioevu kilichofungiwa husambaa sawa kila upande. Lakini hewa ikiingia, hubanwa kama sponji, na nguvu ya mguu huishia humo. Ile pedali laini niliyoiita "si kitu" ilikuwa inatuambia hayo kila siku. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi nusura tuukose hata huo ukuta wa kujenga.

Fundi aliziba paipu iliyovuja, akachomoa hafushafti iliyokatika, kisha mjomba akabonyeza mkono wa manjano. Magurudumu ya mbele yakalivuta gari kurudi nyumbani, mwendo wa mtu mwenye miguu. Hata likiwa limevunjika, mkweche ulijileta nyumbani wenyewe.

Wapo watakaosema, "Si umeona? Magari makuukuu yaondolewe barabarani." Hoja hiyo naiheshimu. Tena nakubali kwamba gari letu hunywa petroli kama ng'ombe anywavyo maji, hutoa moshi, na huko nyuma halina mikanda. Lakini hebu tufikiri. Sheria yetu hairuhusu kuingiza nchini gari lililotumika kupita miaka minane. Vyema. Lakini likishaingia, si litazeeka humu humu? Nani atalitazama breki likifikisha miaka ishirini? Gari halikupoteza breki asubuhi ile kwa sababu lilizaliwa mwaka wa 1974. Lilipoteza breki kwa sababu mimi nilipenda rangi kuliko mpira mdogo usiozidi kidole gumba. Gari la juzi likipuuzwa huua vile vile. Lipimwe kwa hali yake, lisipimwe kwa umri wala kwa mng'ao.

Siku hizi kuna orodha iliyoandikwa kwa chaki kwenye mlango wa stoo yetu: breki, usukani, magurudumu, taa, injini. Rangi imeandikwa mwisho kabisa, kwa herufi ndogo. Kila Jumapili jioni mimi na mjomba huipitia. Silinda zote zimetiwa mipira mipya, paipu zimebadilishwa, hewa imetolewa. Pedali sasa ni ngumu kama jiwe, hukanyagwa mara moja tu.

Basi wenzangu, hilo ndilo jibu langu. Hatujaacha kuwabeba kwa sababu ya maringo. Tulikuwa tukiwabeba kumi na watano, wengine wakining'inia nyuma wakiimba, na mimi nikiimba nao. Kila nikikumbuka kona ile nawahesabu mmoja mmoja. Mbele kuna nafasi ya wawili wenye mikanda, nayo ni ya mgonjwa au aliyechelewa mtihani. Wengine tutembee. Kilomita tatu hazijamuua mtu.

Na kwa walimu wetu, nina ombi moja. Mjomba wangu hakufika kidato cha nne, lakini ameifundisha akili yangu Pascal kuliko nilivyomwelewa ubaoni. Kwa nini tusimwalike yeye na mafundi wengine wa jua kali siku moja waje na vipuri vyao, tuvishike kwa mikono? Aje na mkweche wake, tuufungue magurudumu hapo uwanjani. Wanaocheka waruhusiwe kucheka, mradi washike spana.

Kalamu naiweka chini. Mkisikia mngurumo langoni kesho, msikimbilie nyuma. Nipungieni mkono tu.