Tunalipia spea, kupimiwa hatutaki kulipa

Wadau, leo naweka siasa pembeni. Nina hasira na gari langu, na hasira zenyewe nusu ni za mafundi, nusu ni zangu mwenyewe.

Gari ni Corolla 100 ya mwaka 1993, injini 5A, yale ambayo kila mtaa wa Bongo hayakosi matatu. Hapa Nsemulwa halina shida: sokoni, stendi, kwa shangazi. Linawaka mara moja na likisimama linanguruma kwa utulivu kabisa. Kazi inaanza ukilidai nguvu. Mwezi uliopita nilikuwa nampeleka mama mdogo Sumbawanga. Tukapita Sitalike, tukawatazama viboko, tukaanza kupanda mlima wa Lyambalyamfipa. Mbele yetu lori la mahindi linajikokota. Nikaona barabara nyeupe, nikatoka kuliovateki. Nikakanyaga mafuta mpaka mwisho, gari likawa kama mtu aliyeshikwa shati kwa nyuma. Halizimi, haliongezi. Tuko sambamba na lori, na juu kwenye kona likatokea basi.

Nilishika breki nikarudi nyuma ya lori. Basi likapita na honi ndefu. Mama mdogo hakupiga kelele, alishika tu dashibodi kwa mikono miwili, na mpaka tunafika Sumbawanga hakusema neno. Ukimya ule uliniuma kuliko matusi, maana nilijua gari lina tatizo na bado nikampakia.

Nilijua kwa sababu nilikuwa nimeshapita kwa mafundi watatu! Wa kwanza alibadilisha plagi na waya zake. Wa pili, ea klina na chujio la mafuta lililo kwenye boneti. Hapo 240,000 zimekwenda na gari liko vilevile. Wa tatu alisikiliza injini kwa sekunde kumi akatoa hukumu: ring zimekwisha, tushushe injini, andaa 900,000. Kijiweni nako kila mtu daktari: "Mafuta yamechakachuliwa hayo." Hilo jibu lilikuwa na maana sana enzi zile, kabla EWURA haijaanza kuweka vinasaba mwaka 2010 na serikali kupandisha kodi ya mafuta ya taa mwaka 2011. Siku hizi tunalisema kwa mazoea.

Angalieni lakini. Katika watu wote hao hakuna aliyeniuliza swali rahisi: linakosa nguvu wakati gani?

Fundi wa nne aliuliza. Kijana tu, ana boksi la geji na daftari. Likiwa baridi au likishapata moto? Tambarare au mlimani? Mshale wa resi unapanda wakati mwendo hauongezeki? (Ukiona hivyo, tafuta ugonjwa kwenye klachi au gia, injini haihusiki.) Akaniambia nizunguke mtaa, niliporudi akagusa rimu zote nne kuona kama kuna breki inayong'ang'ania. Hakuna. Akaniambia pia kitu ambacho sikukijua: Mpanda iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na tabo hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu iliyokuwa nayo Dar. Huo si ugonjwa.

Kisha akachukua kipande cha waya akaunganisha matundu mawili, TE1 na E1, kwenye kiboksi kilicho ndani ya boneti. Taa ya injini kwenye dashibodi ikaanza kukonyeza. Toyota za umri huu hazihitaji kompyuta ya kupimia, unahesabu mikonyezo: minne, kimya, mmoja, ni 41, sensa ya kwenye throto. Langu lilikonyeza mfululizo bila kupumzika, maana yake hakuna kosa lililorekodiwa. Nikafurahi. Akanicheka, akasema kompyuta hii haina jicho la kuona presha ya mafuta.

Akapima mgandamizo: silinda zote nne zimekaribiana na ziko juu. Kwa hiyo ile 900,000 ingekwenda kufukua injini nzima! Akapima ekzosi kama imeziba, haijaziba. Mwisho akafunga geji kwenye njia ya petroli, akapitisha mpira wake nje na kuibana geji chini ya waipa ili tuione kupitia kioo. Mtungi wa kuzimia moto akaniwekea miguuni. Tukatoka hadi penye mwinuko. Ukikanyaga mafuta mpaka mwisho, injini hii inatakiwa isome kati ya psi 38 na 44. Yetu ilishuka chini ya 20 huku tunaitazama.

Tukainua kiti cha nyuma, tukatoa pampu. Kile kichujio kidogo kinachovaa chini ya pampu kama soksi kilikuwa cheusi kwa tope. Hapo nikakumbuka petroli za kwenye madumu ninazonunua pembeni ya barabara nikisafiri vijijini. Haya, mchawi nimempata, ni mimi.

Kichujio kipya 15,000. Kupima, 35,000. Na mimi, msomi wenu, mdomo ukanitoka: "Kwa kupima tu?"

Hapo ndipo aibu yangu ilipo. Nililipa 240,000 bila kunung'unika kwa sababu nilishika kitu mkononi. Maarifa yaliyoniokolea 900,000 nikayaombea punguzo. Sasa fundi atanunua geji ya nini, kama wateja wake wote ni mimi? Atakubadilishia plagi, kwa sababu plagi ndiyo unayoilipia. Tunawaita wababaishaji, lakini mfumo huo tumeujenga pamoja.

Nilimlipa yote. Jumapili nilimwambia mama mdogo gari limepona, akajibu kwamba mabasi ya Sumbawanga nayo ni mazuri.

Plagi zangu za zamani, ambazo kumbe zilikuwa nzima, ziko kwenye buti. Anayezitaka aje Nsemulwa azichukue bure.