Mekyuri: jina moja, kuanzia angani hadi kwenye mwalo wa dhahabu

Ukitamka "mekyuri" hapa Isaka, wengi watafikiria mialo ya dhahabu ya Kahama na Geita. Jina hilo limetoka mbali. Mercury alikuwa mungu wa Warumi wa kale: mlinzi wa wafanyabiashara, wasafiri na, ndiyo, hata wezi. Kwa mji wetu wa bandari kavu na malori ya kwenda Rwanda, asingekosa kazi.

Alisifika kwa mbio, ndiyo maana sayari tunayoiita Utaridi, inayolizunguka jua kwa siku 88 tu, Wazungu waliipa jina lake. Marekani nayo ikauita hivyo mradi wake wa kwanza wa kurusha watu angani. Kituo kimoja cha kuufuatilia kilikuwa Unguja, kikaondolewa mwaka wa Mapinduzi, 1964. Unguja hiyohiyo alizaliwa Farrokh Bulsara mwaka 1946, yule mwimbaji wa kundi la Queen aliyejiita Freddie Mercury.

Linalotugusa zaidi ni ile zebaki yenyewe, madini ya majimaji yanayokimbia ukiyamwaga. Mchimbaji mdogo huichanganya na mchanga uliosagwa, ikashika dhahabu, kisha donge linachomwa. Hapo ndipo penye hatari. Mvuke wake hauna rangi wala harufu, kwa hiyo anayechoma haoni kitu. Ukivutwa kwa muda mrefu huleta kutetemeka mikono, kusahausahau na maradhi ya figo. Kwa mama mjamzito, humfikia mtoto tumboni.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020 ili kupunguza matumizi yake. Minamata ni mji wa Japani ambako watu walidhurika kwa kula samaki wenye sumu ya zebaki iliyotoka kiwandani. Tuseme ukweli, mkataba peke yake haumfikii mtu anayechomea jikoni huku watoto wamelala chumba cha pili. Anayechoma achomee nje, mbali na watu, na atumie retoti, chombo kilichofungwa kinachonasa mvuke ukarudi kuwa zebaki. Hata fedha ataokoa, maana zebaki hainunuliwi bure.

Na kinamama wasiokanyaga mwaloni? Baadhi ya krimu na sabuni za kung'arisha ngozi zina zebaki, ila kwenye pakiti jina hubadilika. Ukiona "mercurio", "calomel" au herufi "Hg", ni yuleyule.