Tusichome Mabua Shambani

Wanachama wenzangu, kila baada ya mavuno utaona moshi ukifuka nyuma ya mabweni. Mabua ya mahindi yanachomwa, majani makavu yanachomwa, nasi twashangilia eti shamba limekuwa safi. Safi? Mimi naona tunaufukuza utajiri wetu angani.

Nazungumzia salfa. Mmea ukiikosa, majani machanga hugeuka manjano. Hata sisi twaihitaji, kwa kuwa imo ndani ya protini. Ile githeri tunayoipigia foleni ina salfa katika mahindi na maharagwe yake.

Lakini katika udongo mwingi wa juu, zaidi ya asilimia 90 ya salfa imefungwa ndani ya mabaki ya mimea na wanyama. Mizizi haiwezi kuifungua. Wenye ufunguo ni vijidudu, yaani bakteria na kuvu. Hao huozesha mabaki na kuigeuza salfa kuwa salfeti, ambayo huyeyuka majini. Nao hujipakulia kwanza! Huivuta salfeti ndani ya seli, huiondolea oksijeni hatua kwa hatua mpaka iwe salfaidi, kisha huiunganisha kutengeneza sisteini, mojawapo ya matofali ya kujengea protini. Salfeti inayobaki hunyonywa na mizizi. Vijidudu wakifa, salfa yao hurudi udongoni.

Sasa tukiwasha kiberiti, sehemu kubwa ya salfa hiyo hupaa kama gesi, pamoja na nitrojeni. Wapo watakaouliza, "Kwani majivu si mbolea?" Kweli, yana potasiamu na chokaa. Lakini vijidudu hawali majivu, bwana! Tumewanyima chakula.

Maoni yangu ni haya: tuchimbe shimo, tukatekate mabua, tuyachanganye na samadi na majani mabichi. Tusitie mabua makavu peke yake, maana salfa yake ni kidogo. Vijidudu wataimaliza wenyewe, mimea ikose. Tuwe tukiigeuza mboji hiyo na kuinyunyizia maji mpaka ioze vizuri.

Najua kuwasha moto ni rahisi zaidi. Lakini wembamba wa reli, gari moshi hupita. Hawa wadogo tusiowaona ndio wanaotulisha. Jamani, tusiwachomee chakula chao!